Mluzi wa Kuwaitia Swala

Siku ya nne mbwa mwitu aliyetundikwa langoni alianza kunuka, na hapo ndipo Hillary alipojua kwamba hakuna mtu mwenye nia ya kumshusha. Alining'inizwa kwa waya miguu ya nyuma, kichwa chini, ulimi umetoka na kukauka, na mchana jua lilipopata nguvu kidogo nzi walimjaa machoni. Ndiyo desturi ya wenye mifugo wa pande zile: ukimuua dhibu, yaani mbwa mwitu wa jangwani, unamtundika mahali pa kuonekana ili wenzake waogope na wapita njia wakusifu. Wapita njia walisifu kweli. Walisimamisha magari, wakashuka, wakapiga picha na mzoga ule huku wanatabasamu, kisha wakarudi kwenye magari yao yenye joto wakaenda zao.

Hillary alipita hapo mara nne kwa siku, na kila mara alibana pumzi. Si harufu tu iliyomtia kinyaa. Mbwa mwitu yule alipenya chini ya wavu kufuata swala kwa sababu ndiyo riziki yake duniani, akapigwa risasi na mtu aliyeketi ndani ya gari, sigara mdomoni, hita inampuliza miguuni. Kati ya wawili hao, Hillary alijua ni yupi angemheshimu.

Shamba lilikuwa la tajiri mmoja wa Riyadh aliyeitwa Abu Rakan, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini mwa mji. Kuliita shamba ni adabu tu. Hapakupandwa kitu isipokuwa mitende kumi na miwili mbele ya nyumba ya wageni. Kilichobaki kilikuwa bonde kubwa la mchanga, mawe na migunga, limezungushiwa wavu wa chuma mrefu, na ndani yake swala rimu, wale weupe wa mchangani, ambao Abu Rakan aliwanunua kwa sababu mtu wa hadhi yake alistahili kuwa na kitu ambacho rafiki zake hawana. Alikuja kuwaona mara mbili kwa mwezi. Aliwatazama kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, na vikombe vya kahawa vya huku ni vidogo.

Kuwatunza ilikuwa kazi ya Hillary. Kwao ni Baringo, na kabla ya kuja Saudia alikuwa ametumika miaka minane kwenye ranchi moja ya Laikipia, akihesabu wanyama na kuandika nani kazaa, nani kafa na kwa nini. Wakala aliyemleta alimwahidi kazi ya wanyama. Alipofika Jeddah akapewa kiti cha plastiki na kuambiwa alinde mlango wa jengo moja huko Ghulail. Alikalia kiti kile mwaka mmoja na nusu, mpaka siku alipokuwa dukani akibishana na muuzaji juu ya maziwa yaliyochacha, na mzee mmoja nyuma yake akacheka na kumwambia kwa Kiswahili cha Unguja kwamba mtu anayejua kugombana kwa utaratibu namna ile anapotezwa bure mlangoni.

Mzee huyo ni Ghalib, msimamizi wa shamba. Alizaliwa Jeddah, wazazi wake walitoka Unguja mwaka sitini na nne na sanduku moja, na nyumba yake iko Al-Baghdadiyah, ambako anaishi mkewe na mjukuu wao Huda. Ghalib ndiye aliyehangaika ofisi hadi ofisi mpaka ikama ya Hillary, yaani kibali chake cha ukaazi, ikahamia kwa Abu Rakan. Ndiye pia aliyempeleka Al-Dirah, kwenye maduka ya zamani ya Riyadh, kumtafutia farwa, lile joho zito lenye manyoya ndani, maana Hillary alikuja amevaa jaketi la mvua na kudhani jangwa halina baridi. Kwa hiyo Hillary alimpenda mzee yule, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Kipupwe cha mwaka juzi kilikuwa kibaya. Mvua za vuli hazikunyesha hata tone, upepo wa kaskazini ukaja mapema, na alfajiri nyingine Hillary alikuta maji ya hori yameshika barafu juu. Swala walianza kufa, wadogo kwanza, wamejikunja nyuma ya mawe. Chakula kilikuwapo. Ghalib alileta shayiri kwa magunia. Lakini bonde lilikuwa kubwa, swala wametawanyika, na shayiri iliyomwagwa asubuhi ilifukiwa na mchanga kabla nusu yao hawajaiona. Ndipo Hillary akafanya kama walivyofanya kwao wakati wa kuwapa mbuzi chumvi. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mwingine mrefu. Siku ya kwanza swala walikimbia. Siku ya pili walisimama mbali wakatazama. Kufikia wiki ya tatu walikuja mbio kutoka kila pembe ya bonde, vumbi likiwafuata, wakala mbele yake wakati shayiri ingali safi, naye akawahesabu, akaona nani anachechemea, nani amekonda, nani ana mimba. Baada ya hapo hakufa hata mmoja kwa njaa.

Miongoni mwao alikuwamo jike mmoja ambaye mama yake alikufa katika baridi ile. Hillary alimlea kwa chupa ndani ya chumba chake, na mguu wake wa mbele ulipona vibaya baada ya kunasa kwenye wavu. Alikuwa mweupe asiye na doa, hata ule mstari wa kahawia ubavuni haukuonekana, basi akamwita Emmaculate, jina la dada yake wa Eldama Ravine, ambaye asingefurahi kama angejua. Ghalib alicheka mpaka akakohoa. Alisema kwao mnyama hupewa jina la mnyama. Lakini naye akipita alimwekea tende mfukoni, na Emmaculate aliijua mifuko ya watu wote wawili.

Sasa tatizo likaja kutoka upande mwingine. Swala walipolishwa kipupwe chote na mbwa mwitu wakazuiwa na wavu mpya, hawakuwa na sababu ya kupungua. Kutoka sitini walifika mia moja na arobaini na wawili. Bonde likanyolewa. Migunga iligugunwa mpaka pale shingo ya swala inapofika, na madume wazee walianza kuumizana kugombea hori. Hillary alimwambia Ghalib waziwazi kwamba kuna njia mbili. Ama waache mapengo mawili chini ya wavu, mbwa mwitu waingie wachague wagonjwa na wazembe, bure, bila kuombwa. Ama waondoe arobaini wao wenyewe: madume wazee na majike wasiozaa, mpigaji mmoja mwenye shabaha na mkono mtulivu, asubuhi chache, nyama ichinjwe kwa haki na kupelekwa kwa wafanyakazi wa mashamba ya jirani. Aliandika orodha, kila swala na alama yake ya sikio. Ghalib akaipeleka kwa Abu Rakan.

Jibu la njia ya kwanza lilikuwa limetundikwa langoni. Jibu la njia ya pili Ghalib alilileta mwenyewe siku ile ya nne, akiwa ameketi kwenye gunia la shayiri na macho yake chini.

Abu Rakan hakuisoma orodha. Alisikia neno arobaini tu. Jamaa zake wa Jeddah walikuwa wakimsumbua siku nyingi wapate mahali pa kuwinda bila maneno ya watu, na sasa mtaalamu wake mwenyewe, Mkenya, alikuwa amesema ni lazima swala wapunguzwe. Wangekuja wanne, Ijumaa ya wiki inayofuata, na Abu Rakan mwenyewe wa tano. Nao walikuwa na ombi. Walitaka kumwona yule Mkenya anayepiga mluzi swala wakaja.

Hillary aliuliza wamejuaje habari ya mluzi. Ghalib akakohoa kikohozi kisichokuwapo. Alikuwa amemrekodi kwa simu, mwaka ule, kwa ajili ya Huda, maana mtoto alipenda kuona swala wakikimbia. Kisha alikuwa Riyadh kwenye baraza la bosi, wakawa wanazungumza, akaona fahari, akaonyesha. Bosi akaomba atumiwe. Bosi akaitia mtandaoni. Watu wengi sana wakaipenda.

"Kwa hiyo wanataka niwaite swala kwenye hori," Hillary akasema, "halafu wao wawapige wakiwa wanakula."

"Ndivyo walivyosema. Magari yatapangwa nusu duara."

"Mzee, hiyo si kuwinda. Hiyo ni kumkaribisha mtu mezani halafu umpige risasi akiwa na tonge mkononi."

"Najua, baba."

"Na hawatapiga madume wazee. Watapiga aliye karibu. Watapiga wenye mimba. Watajeruhi ishirini ndio wapate kumi."

"Najua. Unadhani mimi napenda?"

"Basi waambie sitapiga."

Ghalib alivua kilemba chake akakikunja juu ya goti. Alikuwa na umri wa kutosha kuona aibu kwa ajili ya watu wengine. "Hillary, mwanangu, mimi nakwambia kwa sababu nakuheshimu. Usipopiga wewe, itapiga simu. Spika washanunua."

 Hillary alitoka nje akasimama nyuma ya tangi la maji, akatema mate mara tatu, akaona hayatoshi, akatapika chai yote ya asubuhi. Ule mluzi aliutoa kinywani mwake kuwaokoa wanyama na njaa. Sasa ulikuwa kwenye mfuko wa mtu mwingine, naye hakuwa na namna ya kuurudisha. Alijichukia kwa orodha ile. Alimchukia Ghalib kwa robo saa nzima, kisha akashindwa kuendelea.

Zilibaki siku tisa. Usiku ule Hillary hakulala, na asubuhi alikuwa ameshajua la kufanya, nalo lilikuwa la kuchukiza kama yale mengine. Alichowafundisha yeye mwenyewe, yeye mwenyewe angekifuta.

Alichelewesha chakula kwanza. Kisha akajaza mifuko ya farwa mawe ya ukubwa wa ndimu, akaenda kwenye hori, akapiga mluzi, mrefu, mfupi, mrefu. Walikuja kama kawaida, wakirukaruka kwa furaha ile ya kijinga inayowashika asubuhi za baridi. Walipofika hatua kumi, Hillary akaanza kurusha. La kwanza lilimpata dume begani. La pili lilimpata jike mwenye mimba ubavuni, na mlio wa jiwe kwenye mbavu ulikuwa mlio ambao hakuutarajia, mdogo na mzito. Hawakukimbia mara moja. Walisimama wakamtazama, maana hawakuelewa. Ilimbidi apige kelele, agonge sufuria, awakimbize kwa fimbo mpaka ukingoni mwa bonde huku anawatukana kwa Kikalenjin, na machozi ya baridi, alijiambia ni ya baridi, yakimtiririka mpaka ndevuni.

Ili wasife njaa aliwamwagia shayiri adhuhuri, upande wa pili wa kilima, kimya kimya, akaondoka kabla hawajafika. Jioni alirudi horini akapiga mluzi tena, akarusha tena. Hivyo hivyo asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Mkono ulimvimba kwenye kiwiko. Alikula kidogo, na hicho kidogo hakikukaa. Aliyatazama mawe mfukoni mwake akaona yeye na wale jamaa wa Jeddah wamegawana kazi moja, tofauti ni vifaa.

Kuhusu Emmaculate hakuweza. Siku ya kwanza, wengine walipokuwa wanapigwa, yeye alikuja akichechemea hadi gotini mwake, akapenyeza pua kwenye mfuko uliojaa mawe akitafuta tende. Hillary aliinua mkono. Aliushikilia juu muda mrefu, kisha akaushusha. Tangu siku hiyo, kila kabla ya somo alimfungia katika ghala, pale nyuma ya nyumba ya wageni, akamwachia sinia ya shayiri ili asilie. Alijiambia kwamba mmoja hadhuru. Siku ya wageni angemfungia vilevile na mambo yangekwisha. Hakumweleza Ghalib, kwa sababu Ghalib alikuwa ameshaonyesha kwamba kinywa chake hakina mlango, na kwa sababu mzee asingeweza kuulizwa asichokijua.

Kwa hiyo siku tisa mfululizo Emmaculate alisikia mluzi kwa mbali akiwa amesimama mahali pa joto, mdomo umejaa shayiri. Hilo Hillary hakulifikiria. Alilifikiria baadaye, mara nyingi sana.

Kufikia siku ya saba mluzi mmoja tu ulitosha. Hakurusha tena jiwe. Mrefu, na kabla hajafika kwenye mfupi bonde zima lilikuwa linatimka. Alisimama peke yake karibu na hori tupu, vidole vingali mdomoni, akatazama sehemu nyeupe za nyuma za wanyama aliowafahamu mmoja mmoja zikipotelea nyuma ya kilima. Kazi ilikuwa imefaulu. Alikwenda kukaa chumbani, hakutaka kuonana na mtu.

Ijumaa walikuja baada ya sala, magari matatu meupe yaliyooshwa. Walishuka wakinukia udi na manukato mpaka hata harufu ya langoni ikashindwa kwa dakika chache. Mmoja alikuwa na gwanda jipya la kijani la wawindaji, kikaratasi cha bei kingali kinaning'inia shingoni, na hakuna aliyemwambia. Walipiga picha na mbwa mwitu. Yule wa gwanda alimshika mzoga sikio akalitikisa, kisha akanusa vidole vyake na wote wakacheka sana. Hillary alikuwa amesimama kando na farwa yake, akawaza kwamba katika miaka yote ya kukaa na wanyama hajawahi kuona mmoja anayecheza na uozo kwa kujifurahisha.

Magari yalipangwa nusu duara kuzunguka hori, upande upepo unakotokea, harufu yao yote ikienda kwa swala, bila aibu. Mito iliwekwa kwenye madirisha ili bunduki zilale vizuri. Viti vilikuwa na joto, chai ilikuwa kwenye chupa. Abu Rakan alimwita Hillary, akamtambulisha kwa Kiarabu, jamaa wakamtazama, wakamwonyesha kwa ishara ya vidole mdomoni kwamba aanze. Hillary akaonyesha midomo yake. Ilikuwa imepasuka kwa baridi na kutoka damu, hakudanganya. Abu Rakan akasema mafi mushkila, hakuna tatizo, simu ipo. Wakaweka spika juu ya boneti.

Hillary akausikia mluzi wake mwenyewe ukitoka ndani ya kisanduku, mkubwa mara tano, mrefu, mfupi, mrefu.  Ulikuwa mluzi mzuri, wa mtu aliyekuwa na furaha asubuhi ile.

Huko bondeni vichwa viliinuka. Kisha yule jike mkubwa anayewaongoza akageuka, na kundi lote likageuka naye. Vumbi liliinuka, likapanda kilima, likapotea. Jamaa walitazamana. Wakaurudia, wakaongeza sauti. Nukta nyeupe za mwisho kabisa kwenye ukingo wa mbali zikazidi kwenda mbali. Wakaurudia mara ya tatu, na bonde likawa halina kiumbe. Yule wa gwanda aliuliza kitu kwa sauti ya chini na wenzake wakaguna, na Abu Rakan akasema ni upepo, labda ni upepo, huku uso wake unabadilika rangi. Hillary alitazama chini ili wasione macho yake. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi alijisikia ni mtu safi.

Ndipo aliposikia kwato nyuma yake, tatu kwa nguvu na moja kwa kusitasita.

Bosi alikuwa amemtuma Ghalib akalete mkaa wa kuchomea nyama, ili moto uwe tayari. Mkaa ulikuwa ghalani. Ghalib alifungua mlango, mikono yake miwili ikiwa na gunia, na kitu cheupe kikapita kati ya miguu yake kabla hajajua ni nini. Mluzi wa tatu ulikuwa unalia. Emmaculate alikuja kwenye mluzi, mbio zake zile za kuchechemea, masikio mbele, akapita katikati ya magari mawili kama mtu wa nyumbani, akaelekea kwenye hori.

Hillary alipiga kelele. Alikimbia akitupa mikono, akamwambia rudi, nenda, toka, kwa kila lugha aliyokuwa nayo. Kwa Emmaculate hizo zilikuwa kelele za rafiki. Akaja upande wake. Watu wa magarini nao walimpigia Hillary kelele aondoke mbele. Mfukoni mwa farwa lilikuwamo bado jiwe moja. Alilichukua akamrushia Emmaculate kwa nguvu zake zote, na baada ya siku zile tisa mkono ulikuwa umekwisha kuzoea shabaha. Lilimpata shingoni.

Hakukimbia. Hajawahi kupigwa na mtu maishani mwake. Alisimama wima palepale, hatua ishirini kutoka kwenye bunduki, akamtazama Hillary kujua kuna nini.

Walipiga wote watano, na waliendelea kupiga alipokuwa ameshaanguka. Baadaye walishindana nani amempata wa kwanza. Hakuna aliyetaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, na Ghalib alipofika mbio na kisu chake ili walau amchinje kwa haki, hapakuwa na uhai wa kuchinja. Mzee alisimama na kisu kikiwa kimeelekea chini. Yule wa gwanda alipiga magoti akainua kichwa cha Emmaculate kwa pembe zake fupi, akatabasamu mbele ya simu, akaomba apigwe nyingine kutoka upande wa kushoto. Kisha wakaona kwamba ni mdogo, ni kiwete, na nyama yake haifai, wakarudi ndani ya nyumba kula kuku walioletwa kutoka Riyadh.

Abu Rakan alipita karibu na Ghalib akasema bila kusimama kwamba swala hawa ni wapumbavu, wamemwaibisha mbele ya watu wake, awauze nusu yao kwa yeyote anayefuga, wiki hii hii. Kuhusu huu mzoga, autupe. Na wafanye haraka, kwa sababu unachafua hori.

Basi arobaini wangeondoka, na zaidi ya arobaini, wakiwa hai, ndani ya malori. Bonde lingepumua. Ndicho kilichokuwa kimeandikwa katika orodha ya Hillary, na sasa kilipatikana kwa sababu ya hasira ya mtu aliyekosa kufurahishwa. Hillary aliisikia habari hiyo na haikumfurahisha hata kidogo.

Ghalib alimsogelea. Gunia la mkaa lilikuwa limeacha weusi kwenye kanzu yake yote. "Sikujua yumo," akasema. "Wallahi sikujua yumo mle."

"Najua hukujua, mzee."

"Ungeniambia neno moja tu."

Ilikuwa kweli. Hillary alimbeba Emmaculate mabegani, alikuwa mwepesi, damu ikaingia kwenye manyoya ya farwa na haikutoka tena. Alipita langoni. Hapo alimweka chini, akatoa koleo, akakata waya, na mbwa mwitu akaanguka kwa kishindo cha kitu kilicholegea. Hakubana pumzi safari hii. Aliwavuta wote wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye kijito kikavu nje ya wavu. Mbwa mwitu alimfukia kwa mawe. Emmaculate alimwacha juu ya mchanga, wazi, kwa ajili ya yule jike wa mbwa mwitu ambaye nyayo zake alikuwa akiziona kila asubuhi zikizunguka lango. Ghalib, aliyemfuata, aliuliza kwa nini hamfukii na yeye.

"Yule mbwa mwitu jike ataila nyama yake," Hillary akasema. "Yote."

Asubuhi iliyofuata barafu ilishika tena kwenye maji. Wageni walikuwa wamekwisha ondoka, nao waliacha mito miwili na chupa za maji zimetapakaa kuzunguka hori. Hillary alizikusanya. Kisha akabeba gunia la shayiri hadi kwenye hori, akamwaga, akapasua barafu kwa kisigino. Swala walikuwa kwenye kilima wakimtazama, mia moja na arobaini na mmoja, wote wazima. Upepo ulikuwa unaanza kuvuta mchanga juu ya chakula. Alisimama pembeni, mikono mitupu, akavifungua viganja wavione. Hawakusogea. Alirudi nyuma hatua kumi, kisha hamsini, kisha akaenda mpaka chumbani kwake akafunga mlango, na alipochungulia dirishani baada ya nusu saa ndipo akawaona wanaanza kushuka, polepole, wakinusa kila mahali alipokanyaga.